Shule ya mwanao Marekani iwe ya watoto wote: mwongozo kamili kwa sisi wazazi tunaoongea Kiswahili

Jamani wazazi wenzangu, habari za siku. Kwenye grupu letu nimekuwa natuma voisi noti za dakika kumi kumi kila mtu akiuliza swali la shule, na najua wengi mnasikiliza mkiwa kazini, kelele kibao, hamsikii vizuri, kwa hiyo leo watoto wamelala nimekaa mezani naandika yote sehemu moja. Ni kuhusu shule za elementari hapa Marekani, zile za kindagateni mpaka darasa la tano, na nini sisi kina mama na kina baba tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingine tunaweza kufanya ili mtoto mweusi, mtoto wa Kilatino, mtoto wa Kiarabu, wa Kiasia na huyo mweupe wote wahesabiwe watoto wa shule ileile, wenye haki ileile.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Tulisoma tumebanana, kalamu mnaazimana, lakini jina langu kila mwalimu alilijua. Nikafika huku na watoto wawili, na kitu cha kwanza shule ilichomchukulia mwanangu ni jina. Anaitwa Riziki. Wiki ya pili akarudi na karatasi imeandikwa Ricky kwa kalamu ya rangi, nyota ya dhahabu imebandikwa pembeni. Mwalimu hakuwa na ubaya, kila siku ananipungia mkono anacheka, lakini mwanangu wa miaka sita alikuwa ameshaelewa kwamba jina alilopewa na bibi yake ni mzigo kwa watu wa hapa. Akaniambia mama, na wewe niite Ricky. Nililia bafuni siku hiyo, sitaficha.

Tangu hapo nimehudhuria mikutano mingi, nimekosea mengi, nimejifunza. Na nililojifunza kubwa ni hili: usawa shuleni unapatikana kwenye vitu ambavyo havina picha nzuri ya kupost. Fomu. Kikao cha saa kumi na mbili jioni. Hesabu ya nani kaadhibiwa na nani kapelekwa darasa la wenye vipaji. Mkalimani yupo au hayupo. Sherehe ya vyakula vya mataifa ni nzuri, nitaifikia, ila haibadilishi chochote kama hayo mengine yamelala.

Hatua ya 1: Anza na meza ya nyumbani kwako

Naanza na hii kwa sababu ndo ngumu kuliko zote na ndo tunayoiruka. Sisi wenyewe tumekuja na mizigo. Ni mara ngapi umesikia mzazi anamwambia mtoto "usiambatane na hao weusi wa hapa, watakuharibu"? Mtoto anasikia, kesho yake kwenye basi la shule anakaa mbali na mtoto wa jirani, na yule naye ameshafundishwa kumwambia wako "rudi Afrika", basi watoto wawili wenye ngozi moja wanachukiana na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini. Na kati yetu pia, Mbembe na Mnyamulenge, Mfulero, Mhutu na Mtutsi, Mkikuyu na Mjaluo, yale maneno tuliyoyakimbia yamepanda ndege pamoja nasi. Huwezi kwenda kudai haki kwa mkuu wa shule asubuhi halafu jioni unamtukana Msomali wa ghorofa ya juu mbele ya watoto.

Kwa hiyo Jumamosi moja zima TV, kaa na watoto, waambie habari ya Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960, mjini New Orleans, mtoto wa kike wa miaka 6 aliingia shule ya William Frantz iliyokuwa ya watoto weupe tu, anasindikizwa na maafisa wanne wa serikali kuu, watu wazima wamejipanga barabarani wanamzomea, mtoto wa miaka sita. Wazazi weupe wakawatoa watoto wao. Mwalimu mmoja tu, Barbara Henry, alikubali kumfundisha, na akamfundisha peke yake darasa tupu mwaka mzima. Na kumbuka Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua kwenye kesi ya Brown mwaka 1954 kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, miaka sita ilikuwa imepita! Huyo Ruby bado yuko hai. Kile kiti anachokalia mwanao kilinunuliwa na familia za Wamarekani weusi. Mtoto akilijua hilo, namna anavyomwangalia mwenzake kwenye basi inabadilika, nimeliona kwa macho yangu.

Hatua ya 2: Jua sheria nne tano, zinatosha

Huhitaji kuwa wakili. Shika hizi, ziandike kwenye simu.

Title VI, sehemu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: shule yoyote inayopokea hela ya serikali kuu, na shule za umma zote zinapokea, hairuhusiwi kumbagua mtu kwa rangi, asili au nchi aliyotoka. Kesi ya Lau v. Nichols ya 1974, ililetwa na familia za watoto wa Kichina wa San Francisco: kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na dawati lilelile bila msaada wa lugha sio usawa. Kesi ya Plyler v. Doe ya 1982, hii ilitoka Texas: mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Sheria ya FERPA ya 1974: una haki ya kuona faili la mwanao, na shule lazima ikuonyeshe ndani ya siku 45 tangu uombe. Na nywele: California mwaka 2019 ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya CROWN inayokataza kumbagua mtu kwa nywele zake za asili, zikiwemo nywele za kusuka na dredi, na majimbo mengi yamefuata, angalia la kwako.

Sasa nijibu swali ambalo wengi mnaniuliza inboksi, kwamba si serikali imepiga vita mambo ya usawa wa rangi? Ni kweli tangu 2025 maneno yenyewe yamekuwa moto, shule nyingi zimebadilisha majina ya programu zao, na Machi 2025 ofisi 7 kati ya 12 za mikoa za kitengo cha haki za kiraia cha Wizara ya Elimu zilifungwa. Lakini Title VI haijafutwa, ipo. Ushauri wangu ni wa mtu anayetaka kazi iende: ukiona maneno makubwa yanawatisha, yaache, sema kwa lugha ya mtaani. Sema nataka mkalimani. Sema nataka mwanangu awe salama kwenye basi. Sema naomba hesabu ya watoto waliosimamishwa shule. Hakuna mkuu wa shule atakayesema hapana, sitaki watoto wawe salama.

Hatua ya 3: Soma shule yako kwa namba, halafu kwa macho

Kuna sheria ya mwaka 2015 inaitwa ESSA, inalazimisha kila jimbo kutoa ripoti kadi ya kila shule ya umma. Gugo jina la shule na jimbo lako na "report card", itatokea. Kuna na tovuti nyingine ya Wizara ya Elimu ya ukusanyaji wa takwimu za haki za kiraia, inafupishwa CRDC, unaandika jina la shule inakupa nani alisimamishwa na nani yuko kwenye programu ya vipaji, kwa rangi.

Namna ya kusoma: linganisha sehemu na sehemu. Kama watoto weusi ni 20 kwa kila wanafunzi 100 wa shule, lakini kwenye kila 100 waliosimamishwa wao ni 45, hapo kuna swali la kuuliza. Kama Walatino ni 30 kwa 100 na kwenye darasa la vipaji ni 4 kwa 100, swali lingine. Na usidhani ni shule yako peke yake, takwimu za serikali za mwaka wa shule 2013-14 zilionyesha kwamba watoto weusi walikuwa asilimia 19 ya watoto wa chekechea za umma lakini asilimia 47 ya waliosimamishwa angalau mara moja. Chekechea! Mtoto wa miaka minne anasimamishwa shule kwa kosa gani jamani.

Halafu vaa viatu uende. Omba kutembelea asubuhi, tembea kwenye korido taratibu. Picha za ukutani ni za nani? Bango la mlangoni limeandikwa lugha ngapi? Kafeteria nani anakaa na nani? Wafanyakazi weusi na Walatino wako wapi, darasani au jikoni na kwenye usafi tu? Nchi hii karibu walimu 8 kati ya 10 wa shule za umma ni weupe, wakati wanafunzi weupe hawafiki hata nusu, kwa hiyo usishangae ukikuta hivyo, andika tu ulichokiona na tarehe. Daftari moja la shule, sio karatasi karatasi.

Hatua ya 4: Jina, nywele, chakula

Hizi watu wanaziona ndogo. Kwa mtoto wa miaka sita ndo dunia yake nzima.

Jina: siku ya kumpeleka mtoto kuonana na mwalimu kabla shule haijafunguliwa, nenda na kadi ndogo. Andika jina kubwa, chini yake ligawe, Ri-zi-ki, Nee-ma, A-si-fi-we. Rekodi sauti yako unalitamka mara tatu, mtumie mwalimu kwenye apu ya shule. Mwombe alitamke mbele yako, na akikosea rekebisha ukitabasamu, mara ya pili, mara ya tatu, usichoke ukasema "ni sawa tu". Sio sawa. Mtoto naye mfundishe sentensi moja ya Kiingereza ya kusema kwa sauti ya kawaida, jina langu ni Riziki, tafadhali lisemeni lote. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi mwalimu yeye mwanafunzi, mara ya kwanza alisema anaangalia sakafu, mara ya tano akasema ananiangalia usoni.

Nywele: watoto wanamshika mwenzao nywele kama vile ni manyoya ya paka. Mwambie mwalimu mapema, na muulize kama darasa lina kanuni ya kutogusa mwili wa mwenzako bila ruhusa, kama hamna iwekwe, inamfaa kila mtoto.

Chakula: mtoto akirudi na chakula kizima kwenye kontena, muulize taratibu. Wa jirani yangu aliacha kubeba sambusa za nyama kwa sababu mwenzake alibana pua. Mama yake alinunua mkate wa sosi, yakaisha hivyo kimyakimya. Mimi nasema usinyamaze, mwambie mwalimu, mwalimu mzuri atalishughulikia kwa dakika tano tu.

Hatua ya 5: Lugha, na mtoto asiwe mkalimani wako

Kuna kikao kimoja sitakisahau. Nilikuwa nasubiri zamu yangu nje ya darasa, mlango wazi. Ndani kuna mama mmoja wa kwetu, amevaa kitenge chake kizuri, ameshika karatasi ya ripoti kwa mikono miwili, na mtafsiri ni binti yake mwenyewe wa miaka tisa. Mwalimu anasema mtoto hasomi nyumbani, yuko nyuma sana. Binti anamgeukia mama yake anasema, "Mwalimu anasema ninajitahidi." Mama akasimama, akamshika mwalimu mkono, akamshukuru sana. Mwalimu akashangaa. Mimi nilikuwa nasikia lugha zote mbili na roho iliniuma, maana yule mtoto hakuwa mwongo, alikuwa na aibu, na watu wazima ndo tuliomweka pale.

Kwa hiyo: ile fomu ya lugha ya nyumbani unayopewa wakati wa kumwandikisha mtoto, andika Kiswahili. Wapo wanaoandika Kiingereza wakiogopa mtoto atashushwa darasa. Hashushwi. Anapimwa Kiingereza chake, na kama anahitaji msaada wa ESL, yaani masomo ya Kiingereza kwa mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni nyingine, shule inatakiwa ikutaarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, kwa lugha unayoielewa kadiri inavyowezekana. Na una haki ya kukataa programu hiyo, ingawa mimi singekataa.

Mkalimani ni bure na ni wajibu wa shule, iwe ana kwa ana au kwa simu. Omba kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kikao. Na taja Kiswahili gani! Mkalimani wa Mombasa na mzazi wa Uvira wanaweza kupotezana, kama unaelewa vizuri zaidi Kibembe au Kinyarwanda sema. Ukifika ukakuta hakuna, una haki ya kusema tupange siku nyingine. Usisaini kitu.

Na hapa nitoe tahadhari: kuna watoto wetu wanapelekwa elimu maalumu wakati shida yao ni Kiingereza tu, na kuna wengine wana shida kweli ya kujifunza lakini wanaambiwa "ni lugha, itapita" miaka inaenda. Muulize mwalimu hivi: huyu mtoto amepimwa kwa lugha gani? Hilo swali moja linafungua mengi.

Hatua ya 6: Ingieni PTA, msiingie mmoja mmoja

PTA ni ule umoja wa wazazi na walimu. Wengi wetu tunaona ni ya wazungu wenye muda, na kwa kweli shule nyingi iko hivyo. Lakini ujue historia. Chama cha kitaifa kilianzishwa 1897, na kwenye majimbo yaliyotenganisha shule kwa rangi wazazi weusi walikuwa na chao, kilichoundwa mwaka 1926 chini ya mama mmoja wa Atlanta anaitwa Selena Sloan Butler. Vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1970. Kwa hiyo usiingie mle kama mgeni aliyeazima kiti.

Tafuta wazazi watatu kwanza. Watatu tu. Mmoja awe wa kwetu, mmoja Mmarekani mweusi, mmoja Mlatino au mzazi yeyote anayesikiliza, mweupe pia, wapo wazuri na wanajua milango ilipo. Mkiongea wanne kwenye kikao inakuwa ajenda, ukiongea peke yako inakuwa "yule mama analalamika". Ombeni vitu vinavyoshikika: kikao kimoja kiwe mtandaoni au Jumamosi kwa ajili ya wenye shifti za usiku kiwandani na kwenye maghala, pawe na mtu wa kuangalia watoto, pawe na chakula, mkalimani, na matangazo yaende kwa WhatsApp maana imeili wengi hatufungui. Na ulizeni hela za PTA zinaenda wapi. Safari za watoto zinazolipiwa ndo mahali ambapo mtoto wa maskini anabaki nyuma siku hiyo na kujifanya anaumwa.

Mkipata nafasi, mmoja wenu agombee. Hata uhazini.

Hatua ya 7: Adhabu

Hapa ndo watoto weusi wanapoumia zaidi, na hapa ndo mkae muda mrefu.

Ukipata hesabu za waliosimamishwa, uliza makosa yao ni nini. Kupigana, kuleta kitu cha hatari, hayo kila mtu anayaona. Lakini "kukosa heshima", "kutotii", "kuvuruga darasa" yako machoni mwa anayeangalia, na hapo ndipo mtoto mmoja anaambiwa kaa chini, mwingine kwa kosa lilelile anapelekwa ofisini. Nakupa mfano wa kwetu. Sisi tumewafundisha watoto kwamba mkubwa akikugombeza unainamisha macho, ni adabu. Mwalimu wa hapa anasema "niangalie ninapoongea na wewe", mtoto anazidi kuinama, mwalimu anaona kiburi au uongo, karatasi nyekundu inatoka. Mtoto ameadhibiwa kwa heshima yake. Hili nililieleza kwenye kikao cha walimu, dakika saba tu, na mwalimu mmoja alinifuata baadaye ana machozi, akanitajia mtoto mmoja wa mwaka uliopita.

Ombeni shule itumie vikao vya suluhu badala ya kukimbilia kusimamisha. Hapa wana programu za namna hiyo, watoto wanakaa duara, aliyekosewa anasema, aliyekosa anasema, wanakubaliana namna ya kutengeneza. Kwa sisi sio kitu kigeni, ni baraza. Mzee anawaita wote wawili, anawasikiliza, radhi inaombwa, wanaondoka pamoja. Jitoleeni kwenda kuonyesha. Ombeni pia mkuu wa shule atoe hesabu hizo kila muhula kwenye PTA, kwa rangi na kwa aina ya kosa, bila majina ya watoto.

Hatua ya 8: Vitabu na sherehe

Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kina kituo kinachohesabu vitabu vya watoto, kuhesabu vya waandishi weusi kilianza 1985, na mwaka huo kati ya vitabu kama 2,500 vilivyochapishwa Marekani vilivyoandikwa au kuchorwa na Wamarekani weusi vilikuwa 18. Leo viko vingi zaidi kwa mbali, kwa hiyo shule haina sababu ya kusema havipatikani. Nenda maktaba ya shule, hesabu rafu moja. Angalia kama mtoto mweusi kwenye kitabu ni mtumwa au mwandamanaji tu, au kuna na vitabu ambavyo anapoteza jino, anagombana na dada yake, anaogopa giza, kama watoto wengine. Mpe mkutubi orodha fupi, vitabu vitano sita, sio hamsini.

Sherehe ya mataifa, ndiyo, pikeni pilau, vaeni vitenge. Ila kila familia isimame pale na kitu cha kufundisha, tuseme kuhesabu mpaka kumi, mchezo wa rede au nage, bao, hadithi inayoanza na "Paukwa!" watoto wote wajibu "Pakawa!". Wape hiyo wataikumbuka kuliko wali. Na msikubali Afrika iwe meza moja.

Hatua ya 9: Ubaguzi ukitokea

Itatokea. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza msikilize mtoto mpaka amalize, usiseme "nawe ulifanya nini". Mwambie hujakosea kuniambia. Halafu andika usiku huohuo kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, mahali, nani alikuwepo, nani mtu mzima aliona. Kama kuna meseji piga skrini shoti, kama kuna alama mwilini piga picha.

Pili imeili kwa mwalimu na nakala kwa mkuu wa shule. Usiende kupayuka ofisini, najua hasira, lakini mama mweusi akipaza sauti pale wanakumbuka sauti wanasahau kosa. Andika fupi namna hii:

"Mwalimu, jana tarehe 8 Oktoba, saa ya kucheza nje, mwanangu Riziki aliitwa nyani na mwanafunzi mwenzake mbele ya watoto wengine wawili. Ni mara ya pili mwezi huu. Naomba kujua kwa maandishi shule itafanya nini ili mwanangu awe salama, na naomba kikao wiki hii chenye mkalimani wa Kiswahili. Asante."

Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, wao watafute wa kuitafsiri, ila ukipata mtu wa kukuwekea Kiingereza itaenda haraka. Kila ukiongea kwa simu, tuma imeili baadaye, "kama tulivyoongea leo mchana". Karatasi ndo shahidi.

Tatu, kwenye kikao usiombe mtoto mwingine afukuzwe. Omba mpango: nani mtu mzima mwanao atamkimbilia, uangalizi wakati wa mapumziko, darasa litafundishwa nini, mtapeana taarifa lini. Yule mwenzake naye ana miaka saba, ametoa neno hilo mahali.

Nne, wakikaa kimya siku kumi, panda kwa distrikti ya elimu, ile ofisi inayosimamia shule za eneo lenu, wengi wana afisa wa malalamiko ya Title VI. Tano, bodi ya shule, vikao vyao viko wazi na wengi wanatoa dakika mbili tatu za raia kuongea, jiandikishe mapema, nenda na wale wazazi wako watatu, ujipime muda nyumbani. Sita, malalamiko kwa kitengo cha haki za kiraia cha Wizara ya Elimu, na hii ina kikomo, siku 180 tangu tukio, huhitaji wakili na ni bure, ila kwa hali ilivyo sasa majibu yanachukua muda kwa hiyo tafuta pia msaada wa sheria wa bure mjini kwako wakati unasubiri.

Shule hairuhusiwi kulipiza kisasi kwa sababu umelalamika. Alama za mtoto zikishuka ghafla baada ya hapo, andika na hilo.

Hatua ya 10: Mwaka mzima

Agosti kadi ya jina na fomu ya lugha. Septemba na Oktoba kikao cha mwalimu na mkalimani, na PTA ya kwanza. Novemba kaa na namba za ripoti kadi, mara nyingi mpya zinatoka kwenye msimu huo. Februari ni mwezi wa historia ya watu weusi, jitolee kwenda darasani, lakini uliza pia Machi watasoma nini. Aprili watu wengi wanasahau: ndo wakati wa kuuliza programu ya vipaji inachaguaje watoto, kwa mwalimu kupendekeza au kwa kuwapima wote, maana wakiwapima wote watoto wa ESL na weusi wanaonekana zaidi kuliko wakisubiri kupendekezwa.

Mei, kabla shule haijafungwa, mwandikie mwalimu wa mwaka huu barua ya shukrani ukitaja jambo moja hasa alilolifanya vizuri, nakala kwa mkuu wa shule. Chukua lile daftari, funga kurasa zake kwa pini, zipige picha uitumie familia mpya iliyofika juzi ambayo bado haijui pa kuanzia. Na andika kadi nyingine ya jina, maana Agosti mwalimu ni mwingine.